Chini ya Creek Road bado kuna hori

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako nizungumzie Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi mjini Unguja bado tunaiita Creek Road. Maji yakisimama Darajani wakati wa masika, lawama huwaangukia wanaotupa taka mitaroni. Taka zina makosa yake, lakini hata mtaro uliosafishwa asubuhi ile ile unaweza kufurika jioni, na sababu iko chini ya lami.

Barabara hii imelala juu ya hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Maji ya bahari yalikuwa yakiingia kutokea Funguni, upande wa kaskazini, yakipenya hadi karibu na Mnazi Mmoja, na Mji Mkongwe ulikuwa rasi iliyoshikwa na kishingo chembamba cha mchanga. Majina yametunza ramani hiyo: Darajani palikuwa na daraja, na Ng'ambo ni ng'ambo ya maji yenyewe. Hori lilifukiwa kwa awamu wakati wa Waingereza. Upande wa kusini ulitangulia, ndio leo viwanja vya Mnazi Mmoja.

Hori limefukiwa, lakini mteremko umebaki ule ule. Mvua ya Mji Mkongwe na ya Ng'ambo huteremkia katikati, ikitafuta bahari. Nayo bahari, siku za bamvu, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka takriban mita 4, na hapa Unguja maji ya bamvu hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Mdomo wa mtaro ukizama, mvua haina pa kutokea kwa saa kadhaa, na mdomo usio na mlango huiruhusu bahari kupanda mtaroni. Bamvu kubwa za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta. Za Machi hukutana na mwanzo wa masika.

Tupige hesabu. Mvua ya milimita 50 juu ya hekta moja iliyosakafiwa ni mita za ujazo 500, sawa na maboza 50 ya lita 10,000. Maji hayo yakizuiwa na bahari lazima yakae mahali. Mtaro uliopimwa kwa mteremko tu, bila nafasi ya kusubiria maji kupwa, utafurika hata ukiwa mpana. Ndiyo maana uwazi wa Mnazi Mmoja una thamani kubwa: kila kipande kinachosakafiwa huongeza maji barabarani.

Mlango wa mdomo ni kitu rahisi. Ni bamba lenye bawaba kwa juu: maji ya ndani hulisukuma likafunguka, bahari hulibana likafunga. Huharibika kwa mambo matatu. Chupa ya plastiki hukwama kizingitini, chaza huota ukingoni mpaka bamba lisikae sawa, na bawaba za chuma cha kawaida huliwa na chumvi. Kwa hiyo bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu, ukingo ukwanguliwe maji yakipwa, na chujio la nondo liwekwe kwenye chemba ya mwisho nchi kavu, ambako mfanyakazi anaweza kulisafisha bila kusubiri bahari. Zege la mitaro hii nalo lifunike nondo kwa milimita 50 angalau. Likiwa jembamba, chumvi hufika kwenye chuma, chuma huvimba, zege hubanduka.

Usafishaji uanzie baharini kupanda juu. Ukianzia juu, mchanga wote husukumwa hadi penye kizuizi na kukishindilia. Mchanga uliotolewa uondoke siku hiyo hiyo, maana ukiachwa pembeni, mvua ya kwanza huurudisha ulikotoka.

Kuhusu lami, kifusi kilichomwagwa juu ya tope la hori hakitulii kwa usawa. Penye kina zaidi hushuka zaidi, na nyufa ndefu hufuata ukingo wa zamani. Dawa inayozoeleka ni kuongeza tabaka jingine juu. Tabaka la sentimita 5 lina uzito wa kilo 120 hivi kwa kila mita ya mraba, uzito unaolibana tope lishuke tena, na wakati huo huo barabara huinuka hadi vizingiti vya maduka vinakuwa chini yake. Lami ya zamani ikwanguliwe kwanza. Palipozama pachimbwe mashimo ya majaribio hadi tope lionekane, ndipo iamuliwe kama ni kifusi kinachoshuka au ni kalavati linalovuja na kunyonya mchanga. Shimo moja kila mita 50 linatosha kuanzia.

Ombi langu kwa wahusika ni kwamba milango na midomo yote ikaguliwe na kusafishwa ifikapo mwisho wa Februari, kabla ya bamvu za Machi, kisha irudiwe Agosti kwa ajili ya zile za Septemba na mvua za vuli zinazofuata.

Msomaji wako,
Fundi wa barabara na mitaro,
Unguja