Fedha za kampeni ndizo zilizomjenga McConnell

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niongeze neno kuhusu Mitch McConnell, seneta wa jimbo la Kentucky nchini Marekani tangu mwaka 1985, ambaye habari zake mara nyingi huishia kwenye ujanja wake wa kupitisha au kuzuia miswada. Ujanja anao, lakini nguvu yake ndani ya chama cha Republican, alichokiongoza katika Seneti kuanzia 2007 hadi mwanzoni mwa 2025, ilitokana pia na uwezo wake wa kuchangisha fedha kwa ajili ya wenzake, kwa kuwa seneta aliyevushwa katika uchaguzi mgumu na matangazo ya televisheni yaliyolipiwa na kamati zilizo karibu na kiongozi wake hawezi kumpinga kirahisi.

Tofauti na wanasiasa wengi, ambao huilaani michango mikubwa hadharani huku wakiipokea, yeye hakuona haya. Sheria ya mwaka 2002 ilipovizuia vyama kupokea michango isiyo na ukomo, alikwenda mahakamani kuipinga, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu ikaiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame. Hakungoja sana: mwaka 2010, katika shauri la Citizens United, mahakama hiyohiyo iliruhusu kampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia fedha bila kikomo katika kampeni, mradi matumizi hayo yasipangwe pamoja na mgombea. Sharti hilo, kwa maoni yangu, ni uzio wa mabua.

Msomaji wako