Faida ya kikoba, nani kaileta?

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila msimu wa kuvunja vikoba, yaani kugawana akiba na faida ya vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ukifika kuna watu wanaondoka wamenuna, na mi naona wana haki kabisa.

Kikundi chetu hapa Tabata hisa ni 2,000, kila wiki unanunua moja mpaka tano. Mwenye uwezo ananunua tano tano, kwa wiki 50 ana laki tano, na hakopi maana hana shida. Mama mmoja muuza vitumbua ananunua moja moja, ana laki moja tu, lakini mwezi wa tano kakopa laki, mwezi wa tisa kakopa laki mbili, riba asilimia 10 kwa mwezi, miezi mitatu mitatu, kalipa yote bila kusumbua mtu, riba peke yake elfu 90! Siku ya kuvunja riba za wakopaji wote zikagawanywa kwa hisa, kila hisa ikawa 2,600, yule wa laki tano faida yake laki na nusu, mama vitumbua elfu 30. Akahesabu zile noti mara mbili pale pale mbele ya sanduku, akasema "mwaka huu nimewalisha nyie", watu wakamjibu eti si angenunua hisa nyingi. Angezitoa wapi?

Wenye hisa nyingi wanasema mtu akikimbia na mkopo, wao ndo wanaumia zaidi. Kweli, na hisa zao lazima zizae, ila bila mkopaji hizo hela zimelala tu kwenye sanduku na kufuli zake tatu.

Na hili si geni jamani, wakulima wa kahawa wa KNCU kule Kilimanjaro, ushirika wa tangu 1933, wanayajua malipo ya pili, ile nyongeza baada ya kahawa kuuzwa, yanahesabiwa kwa kilo ulizopeleka. Hata wale wanaushirika wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, ziada yake waligawana kwa manunuzi ya kila mtu.

Basi na sisi nusu ya riba iende kwenye hisa, nusu imrudie aliyeilipa kama karejesha kwa wakati. Hapo mama vitumbua angepata elfu 60, na yule wa laki tano bado anamzidi, elfu 75. Januari vikundi vingi vinapitia katiba upya, hili lijadiliwe kabla hisa ya kwanza haijanunuliwa, maana ukilileta Desemba hela ziko mezani hakuna atakayekusikiliza.

Mwanakikoba, Tabata, Dar es Salaam