Wifi, mahafali yasikulie Oktoba na Novemba

Wifi yangu,

Salamu kwako, kwa kaka na kwa watoto. Ratiba ya chekechea yako ya kufungia mwaka nimeisoma mara mbili. Wiki sita za mazoezi ya mahafali, kila siku baada ya uji: ngonjera, igizo, gwaride, nyimbo tano. Nakujibu hadharani kwa sababu ratiba hiyo si yako peke yako, chekechea nyingi za Dar zinayo ileile. Mtoto wa miaka mitano akirudishwa kwenye wimbo mmoja siku thelathini, amekwisha kuujua siku ya sita. Zinazobaki ni za kumchosha tu. Na wiki hizo sita ndizo tamu kuliko zote za kuwa nje. Vuli inaanza, udongo umelainika, jua liko utosini. Mahafali yape siku kumi. Zilizobaki, watoto wawe uani.

Anza na mahali pa kukaa. Mwembe wenu ni mzuri, lakini Novemba usitandike mkeka karibu na shina. Embe zinaanza kuiva, na dodo likianguka kutoka juu halichagui kichwa. Tena angalia majani yaliyoshonwa pamoja kama kifuko: humo mna majimoto, wale chungu wakali, na mtoto mmoja akilitikisa tawi, darasa zima linavua mashati. Asubuhi kivuli cha mti hulala upande wa magharibi, nje kabisa ya matawi. Tandika hapo, na ikikaribia saa nne hamia kwenye baraza.

Kivuli chenyewe ni somo, na kwa Dar somo hili lina msimu wake. Jua hutupitia utosini karibu Oktoba 10. Siku hiyo, kama saa 6 na dakika 10 mchana, kijiti kilichosimama wima hakina kivuli kabisa. Wako wanaondoka kabla ya hapo, lakini asubuhi inatosha. Msimamishe mtoto mmoja kwenye sakafu ya saruji, chora nyayo zake kwa chaki ili arudi palepale, kisha chora ncha ya kivuli chake. Mtoto wa sentimita 110, saa mbili kivuli kinafika kama mita 2. Saa nne, sentimita 70. Saa tano na nusu, 20 tu. Rula usilete. Wapime kwa nyayo zao wenyewe, kisigino kwenye kidole: watapata kama kumi na mbili, kisha nne, kisha moja. Kabla ya kila kipimo waulize kitakuwa wapi, na kila mmoja aweke kokoto lake anapodhani. Hapo ndipo wanapofikiri. Ukiwaambia jibu mapema umebaki na zoezi la chaki. Onyo moja tu: wasilitazame jua lenyewe.

Sasa mchicha. Panda wiki ya tatu ya Oktoba, utavuna kati ya siku 21 na 30, yaani kabla ya shule kufungwa. Mahindi hayatakuwahi. Kwa watoto 25 tengeneza matuta matano ya mita 1 kwa mita 1, watano kila tuta. Ukubwa huo una sababu: mkono wa mtoto unafika nusu mita, kwa hiyo tuta linafikiwa pande zote bila mtu kukanyaga ndani. Friedrich Fröbel, yule Mjerumani aliyeanzisha shule ya aina hii mwaka 1837, alitaka kila mtoto awe na kipande chake cha bustani. Mimi simfuati hapo. Kipande cha mtu mmoja kikiliwa na kuku wa jirani, una kilio cha siku tatu. Cha watano kikiliwa, una mkutano wa kutafuta miiba ya kuzungushia.

Kila tuta ndoo moja ya lita 10 ya samadi iliyooza vizuri, isiyonuka. Hiyo mwage wewe au mlinzi, si watoto. Samadi mbichi inaunguza miche. Mbegu za mchicha ni ndogo mno kwa vidole vya chekechea, wanazimwaga zote sehemu moja. Changanya nusu kijiko cha chai cha mbegu na kikombe kimoja cha mchanga mkavu. Wakimwaga mchanga kwenye mfereji, mbegu zinajitawanya zenyewe. Mifereji iwe na kina cha nusu sentimita, umbali wa sentimita 20. Funika kwa udongo mwepesi, halafu nyasi kavu juu, la sivyo mvua kubwa ya kwanza itazizoa zote na kuzirundika pembeni.

Kuna mambo mawili yanayoua mchicha wa shule. La kwanza ni sisimizi: unawaona mchana kweupe wamepanga foleni, kila mmoja na mbegu yake kichwani. Zungushia jivu kavu na ulirudishe kila mvua inapokunya. La pili ni mwalimu kusahau kuondoa nyasi. Miche inatoka siku ya tatu hadi ya tano. Siku hiyohiyo nyasi zitoke, ama utakuta miche mirefu, myeupe, imelala chali. Wiki ya pili punguza, ubakize nafasi ya vidole vinne. Inayong'olewa inaliwa, msiitupe.

Kumwagilia ndiko kunakogombaniwa. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kizibo matundu sita kwa msumari wa moto. Kila mtoto chupa moja asubuhi, basi. Ukiwapa ndoo na kopo utakuwa na dimbwi. Na kaka akijitolea kuleta matairi ya zamani ya kupandia, mshukuru, lakini ayatoboe chini kwanza. Maji yakituama humo unafuga mbu wa dengi.

Kwa wanaotaka kuona mzizi unavyotoka, weka kunde kwenye chupa angavu, zikibanwa na pamba yenye unyevu dhidi ya ukuta wa chupa. Siku ya pili au ya tatu mzizi unachungulia. Zikinuka, maji yamezidi. Kunde nunua sokoni, zile za kupika. Mbegu za duka la pembejeo zenye rangi ya waridi au kijani zimepakwa dawa ya wadudu, na unajua chekechea: kitu cha rangi kinaingia mdomoni kabla hujamaliza sentensi.

Mchanga na maji sina mengi. Mchanga funika kwa turubai kila jioni, kwa ajili ya paka. Beseni la maji lisizidi kina cha sentimita 10 na limwagwe kipindi kikiisha. Wape kikombe cha mililita 250 na chupa ya lita moja na nusu, waache wagundue sita. Watapata saba, watapata tano, kwa kuwa wanamwaga nje. Usiwasahihishe, warudie.

Umeandika pia "safari ya ufukweni" bila tarehe. Tarehe inatoka kwa mwezi, wifi, si kwa mwenye basi. Siku ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na siku moja mbili zinazofuata, ni bamvua: pwani yetu maji hupwa kabisa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi, na mwamba unabaki wazi na vidimbwi vyake. Ukienda wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa nne hiyohiyo utayakuta yamejaa na watoto watabaki kutazama mawimbi. Fika muda wa saa moja kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa, ondoka mwambani nusu saa tu baada ya hapo. Maji yanaporudi hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yenu, huku mbele bado panaonekana pakavu.

Mtu mzima mmoja kwa watoto watano, si mmoja kwa kumi na wawili. Fulana za rangi ya chungwa au njano. Bluu na kaki hazionekani majini. Raba kuukuu zinafaa kuliko yeboyebo, zinazobaki kwenye tope mguu ukitoka. Namba yako ya simu iwe kwenye utepe wa mkononi, jina la mtoto lisiandikwe kifuani, asije mtu asiyemjua akamwita kwa jina. Kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, watazame na kugusa kwa kidole kimoja, wakiwa wameloweka mikono, kisha kibaki majini. Konokono mwenye gamba la umbo la koni, lililopambwa vizuri, hashikwi hata na mwalimu; wapo wenye mwiba wa sumu.

Mwishowe hayo mahafali yenyewe. Ratiba husema saa tatu, mgeni rasmi hufika saa tano, na katikati hapo kuna watoto 25 ndani ya majoho ya poliesta kwenye joto la Novemba. Kosa si la mgeni, ni la kumsubiri. Watoto waanze saa tatu na nusu, awepo asiwepo; dakika arobaini zinatosha, kisha uji. Majoho wavae dakika kumi za vyeti tu. Spika zielekee kwa wazazi, zisikae mgongoni mwa watoto: wanaolia jukwaani mara nyingi wanalia kwa kelele, si kwa aibu. Puto ziwe juu wasikofika, vipande vyake vinakaba koo. Vyeti vipange kwa mfuatano wa foleni, na majina yasomwe na mzazi kila mmoja wiki moja kabla, uchapaji usije ukambatiza mtoto upya. Na hiyo "nafasi ya kwanza hadi ya tatu" uliyoiweka, ifute. Badala yake chukua daftari uani, watazame watoto watano kwa siku, wiki moja umewamaliza wote. Andika ulichokiona: "alihesabu kokoto hadi 12, akaruka 9." Mama yake atakielewa hicho kuliko asilimia 87.

Igizo la daktari na mgonjwa liache. Weka meza yenye chupa za kunde na picha za vivuli, na watoto wenyewe waeleze. Mchicha ufungeni alfajiri ya siku hiyo, mafungu 26, uloweke mizizi kwenye beseni kivulini. Ukifungwa jana yake utakuwa umelala. Na lile la 26 ni la mgeni rasmi, akifika.

Wifi yako.