Kukata jina kwa peni sio kubadilisha wosia

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi niongee na wenzangu wenye wosia ndani ya droo. Baba yetu alikuwa na wosia mzuri tu, umepigwa taipu, umesainiwa, mashahidi wawili, kila kitu. Miaka ikapita akaona kile kiwanja alichomwandikia dada bora kiende kwa mdogo wetu wa mwisho, sasa badala ya kurudi kwa wakili akachukua peni ya bluu, akakata jina la dada kwa mstari mmoja, akaandika jina la mdogo juu yake, akarudisha karatasi kwenye bahasha. Akajua kamaliza.

Alipofariki, mahakamani tukaambiwa yale ya peni hayahesabiki, yameongezwa baada ya kusaini na pale pembeni hakuna saini yake wala ya mashahidi, na kwa vile jina la dada bado linasomeka chini ya ule mstari basi ndilo linalosimama. Dada na mdogo hawasalimiani mpaka leo na wote wawili wanajua mzee alitaka nini, hilo ndo linaniuma.

Kumbe njia ipo na wala si ngumu! Inaitwa nyongeza ya wosia, ni karatasi ya peke yake, unaandika hii ni nyongeza ya wosia wangu wa tarehe fulani, kifungu fulani nakibadilisha hivi, mengine yabaki kama yalivyo. Unaisaini kama ulivyosaini wosia wenyewe, mashahidi wawili wapo palepale wanakuona, nao wanasaini. Si lazima wawe walewale wa mwanzo, ila asiwe mtu unayemrithisha wala mume au mke wake, maana sheria za nchi nyingi zinaweza kumnyima fungu lake kwa hilo tu. Halafu usiibane na wosia kwa pini za stepla, zikitolewa zinaacha matundu watu wanaanza kuuliza ni karatasi gani imechomolewa. Kama mabadiliko ni mengi, andika wosia mpya useme wazi ule wa zamani umefutwa.

Mhariri, naomba ukurasa wenu wa sheria utuchapishie mfano wa hiyo nyongeza, mdogo tu, watu waukate waweke. Mama naye ana wosia wake na kuna jina moja anataka kulibadilisha, peni nimeshamficha.

Ni mimi msomaji wako