Maumbile yaliyogeuka yaandikwe kwenye kadi ya mgonjwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililotaka kumtoa roho shangazi yangu, muuza ndizi wa soko la Kiboriloni hapa Moshi.

Kwa miezi mitano alilalamikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, hasa usiku baada ya kula chakula chenye mafuta, na kila alikokwenda aliandikiwa dawa za vidonda vya tumbo, kwa kuwa maumivu ya nyongo hutarajiwa upande wa kulia. Hatimaye macho yakawa ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka, na homa ya kutetemeka ikamwangusha. Ndipo kijana wa ultrasaundi alipopapasa upande wa kulia asilione ini, akanyamaza, akahamishia kifaa kushoto, akalikuta huko pamoja na kibofu cha nyongo, na mawe mawili yameziba mrija wa nyongo.

Viungo vyake vimegeuka tangu tumboni mwa mama yake: moyo kulia, ini kushoto. Hali hii inakadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 10,000 hivi, na wengi huishi nayo bila kujua. Yenyewe haileti mawe. Hubadili mahali pa maumivu, na hapo ndipo tabibu anapopotea. Mrija ulioziba si wa kungoja, maana nyongo iliyotuama huingiwa na vijidudu, navyo vikasambaa kwenye damu.

Kinachoniuma ni kwamba shangazi alikwisha kuambiwa. Alipopigwa picha ya kifua akiwa msichana, alielezwa kwa mdomo tu kuwa moyo wake uko kulia, akaenda zake; hakuna aliyeandika, wala yeye hakudhani kwamba habari ya moyo ingehusiana na tumbo.

Nawaomba matabibu wetu: mkiona moyo uko kulia kwenye eksirei, mpimeni mtu huyo na tumbo pia, kisha mwandikieni kwenye kadi yake, kwa herufi kubwa, kila kiungo kiko wapi. Nanyi ndugu mliowahi kuambiwa hivyo, litajeni kabla hamjaulizwa mnaumwa wapi. Daktari aliyempasua shangazi ilimbidi asimame upande asiouzoea; walau yeye alijua kabla ya kushika kisu.

Msomaji wako,
Pasua, Moshi