Barua ya wazi kwa vijana wanaoongoza okestra za vyuo vikuu

Wanangu mnaoongoza na kufundisha okestra za vyuo vikuu,

Nawasalimu kwa upendo, ingawa nawaandikia nikiwa na uchungu, na ni vyema niseme mapema uchungu huo umetoka wapi. Majuzi nilialikwa kwenye onyesho la okestra ya chuo ambacho sitakitaja, nikaketishwa mbele, upande zilikopangwa fidla za pili, yaani kundi la fidla linalopiga sehemu ya pili ya muziki. Muziki ulikuwa mgumu na ulikwenda kwa kasi, ukumbi ukashangilia, na wakubwa wa chuo wakajipanga kupigwa picha. Mimi nilikuwa nimemkazia macho binti mmoja wa stendi ya mwisho (stendi ni kinara cha karatasi za muziki ambacho wapigaji wawili hushiriki), kwa sababu mkono wake ulikwenda na kurudi sawasawa na wenzake, lakini upinde wake ulikuwa ukielea juu ya nyuzi bila kuzigusa. Baada ya onyesho nilimfuata nikamwomba nitazame fidla yake. Mnajua kwamba singa za upinde hupakwa ulimbo, yaani utomvu mkavu wa mti, ili zishike nyuzi, na kwamba baada ya saa moja ya kupiga, ubao ulio chini ya nyuzi hubaki na unga mweupe kama vumbi la chaki. Ubao wa fidla ile ulikuwa unang'aa. Nilipomuuliza, aliinamisha uso akaniambia kwamba katika wiki ya mwisho mwalimu aliwaagiza watu wanne wa stendi mbili za nyuma wasogeze pinde bila kutoa sauti, ili wasiharibu. "Alisema tujaze jukwaa tu, mzee," akasema.

Nimefundisha ala za nyuzi tangu nilipokuwa na umri kama wenu, nimeona makosa mengi na mengine nimeyafanya mwenyewe, lakini sijui neno jepesi la kuliitia hili. Binti yule alihudhuria mazoezi ya muhula mzima. Alibeba fidla mgongoni kutoka darasa moja hadi jingine, akakosa usingizi, akatafuta mpangilio wa vidole katika kurasa zilizomzidi uwezo, na mwisho wa yote akafundishwa jambo moja, yaani kuigiza. Mwalimu wake alikuwa na miezi kadhaa ya kugundua kwamba kazi ya muziki aliyoichagua imezidi mikono ya wanafunzi wake, na siku alipogundua, aliwanyamazisha wanafunzi badala ya kubadili kazi.

Mtaniambia kwamba wapigaji dhaifu hawawezi kuachiwa waharibu jasho la wengine. Nakubali, na ndiyo maana kuna kazi ya kufanya kabla ya kufika huko. Penye noti 16 za mbio katika kipimo kimoja, yaani kigawe kimoja cha muziki kati ya mistari miwili ya wima, mpe mwanafunzi wa stendi ya nyuma noti ya kwanza tu ya kila pigo, mwambie aipige kwa sauti safi na kwa wakati wake, kisha baada ya wiki mbili aongeze nyingine. Penye sauti ya juu sana, iandike chini kidogo. Wagawe wawili wanaoshiriki stendi moja, huyu apige kipimo hiki na yule kinachofuata, mpaka vidole vizoee. Hayo yote ni ualimu, na mwanafunzi aliyepiga robo ya noti zake kwa uaminifu atatoka jukwaani akijua amepiga. Mwaka 1703 mtunzi Antonio Vivaldi aliajiriwa kufundisha fidla katika Ospedale della Pietà, nyumba ya kulelea watoto waliotelekezwa mjini Venice, na muziki mwingi aliutungia wasichana wa nyumba hiyo, akijua nani anaweza nini. Ninyi hamtakiwi hata kutunga. Mnatakiwa kuchagua, tena kuchagua mkiwa mmekwisha kuwasikia watu wenu, si mkiwa mmekaa nyumbani mnasikiliza rekodi ya okestra ya watu wanaolipwa na kujiona mkiipungia kijiti.

Nadhani kinachowasukuma ni woga wa onyesho kuvunjika. Tarehe 22 Desemba 1808, mjini Vienna, mtunzi Beethoven aliendesha onyesho la takribani saa nne katika ukumbi wenye baridi kali, mbele ya okestra ambayo haikuwa imefanya mazoezi ya kutosha. Usiku huo simfonia zake ya tano na ya sita zilisikika hadharani kwa mara ya kwanza, na katika kazi ya mwisho, ile ya piano, kwaya na okestra, wapigaji walipotezana hadi akalazimika kuwasimamisha na kuanza upya. Alisimama, akaanza tena, na hadi leo tunamheshimu. Mwanafunzi akikosea mbele ya wazazi wake, basi amekosea, na kesho ataingia mazoezini akiwa na swali.

Hapa sina budi kuwageukia wanaowaajiri, maana kosa si lenu peke yenu. Chuo kinachompima mwalimu wa okestra kwa idadi ya wageni waliopiga makofi kitapata mwalimu wa makofi. Bajeti hutolewa kwa ajili ya usiku wa mahafali, mavazi meusi na maua ya jukwaani, wakati selo zinakaa na nyuzi zilizochakaa na hakuna chumba cha fidla za pili kufanyia mazoezi yao peke yao. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tulioketi viti vya mbele ndio tuliomsifu. Nami nilipiga makofi usiku ule kabla sijauona ubao wa fidla ile.

Yapo mengine, nitayataja kwa kifupi. Punguzeni maneno, kwa kuwa dakika moja ya hotuba mbele ya watu 60 ni saa nzima ya watu. Mnaporudi nyuma, tajeni namba ya kipimo kwa sauti na mngoje, kwa sababu mpiga timpani, zile ngoma kubwa za okestra, aliyehesabu vipimo 80 vya kimya hawezi kukisia mlipo. Mnapomsahihisha mpiga horni au klarineti, semeni kama mnataja sauti inayosikika au noti iliyoandikwa kwenye karatasi yake, kwani hazifanani. Wanaoketi mbele ya tarumbeta wapeni vizibo vya masikio, na msiwacheke wanapovivaa. Mpiga obo anapotoa sauti ya A ili wengine walinganishe ala zao, ni wakati wa kunyamaza kwa kila mtu, na mwongozaji akiwemo.

Kuhusu ukali nina neno moja tu, kwa kuwa linanihusu. Nilipokuwa kijana nilimsimamisha mpiga viola mbele ya wenzake, nikamtaka arudie peke yake vipimo vinne, mara tatu, huku nikigonga stendi kwa kijiti. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, aliyekuja kwetu jioni kwa mapenzi yake. Aliifunga ala yake taratibu, akaipangusa, akaiweka kwenye boksi, na hakurudi tena. Vipimo vile vinne sikumbuki vilikuwa vya kazi gani, ila mlio wa vifungo vya boksi lile naukumbuka.

Wanafunzi wenu wengi ni kama yule. Watakuwa wauguzi, mawakili na wahasibu, na okestra yenu huenda ikawa mahali pa mwisho watakapopiga muziki pamoja na watu 60. Ninyi walimu mnaopiga ala za nyuzi, ketini na wanafunzi siku moja ya mazoezi, katika stendi ya mwisho kabisa, mkamwachia mwanafunzi kijiti, msikie kutoka huko kinachosikika na kisichosikika.

Na wewe mwanangu ambaye umejitambua tangu aya ya kwanza, sikukutaja na sitakutaja. Mrudishie binti yule sehemu yake, uipunguze kadiri ya vidole vyake, na umwambie apake ulimbo. Onyesho lijalo nitakuja, na nitaomba kiti kilekile.

Ni mimi mzee wenu,
mwalimu mstaafu wa ala za nyuzi