Msitupime nguvu tu, hesabuni neva zilizobaki

Mhariri,

Nimeshona sare za shule hapa Kibuye, Kisumu, kwa miaka 31. Polio ilinishika nikiwa na miaka mitatu, ikaukausha mguu wa kushoto, kwa hiyo cherehani naikanyaga kwa wa kulia. Tangu mwaka juzi mguu huo mzima unachoka kabla ya saa sita mchana. Kliniki nimekwenda mara tatu. "Mama, sukuma mkono wangu." Nasukuma. Naambiwa nguvu zipo, ni umri tu, naandikiwa dawa ya maumivu.

Mtoto wa dada yangu anasomea tiba ya viungo, na ndiye aliyenieleza. Msuli huendeshwa na vikosi. Kila kikosi ni neva moja kutoka uti wa mgongo pamoja na nyuzi za msuli zinazoitii. Polio huua neva. Zilizosalia huchipua matawi na kuzilea nyuzi zilizoachwa yatima. Ndiyo maana msuli unaweza kupoteza karibu nusu ya vikosi vyake na bado ukausukuma mkono wa daktari.

Lakini vikosi hivyo hukadiriwa. Mtafiti McComas na wenzake walionyesha njia mwaka 1971 nchini Uingereza, kwa msuli mdogo ulio mgongoni mwa mguu. Mimi naielewa kwa vifungo. Nikitaka kujua kopo lina vifungo vingapi, sivimwagi: napima uzito wa vyote, napima kumi, napata wastani wa kimoja, nagawanya. Wao huishtua neva kwa umeme kidogo kidogo, wakisoma kila kikosi kinapoitika, kisha huishtua yote na kugawanya. Ukichota vifungo vikubwa vya makoti peke yake, hesabu itatoka ndogo kuliko ukweli, hilo nalijua. Hata hivyo, makadirio yakirudiwa kila mwaka kwa mguu uleule yataonyesha kama vikosi vinapungua.

Nawaomba wakuu wa afya wa kaunti za huku magharibi: palipo na mashine ya kupima neva kwa umeme, wahudumu wafunzwe hesabu hii, na sisi tuliougua polio utotoni tuitwe. Nahitaji kujua kama niendelee kukanyaga, au nikope pesa ninunue mota ya cherehani niupumzishe mguu uliobaki.

Fundi cherehani,
Kibuye, Kisumu